Kudai dhamana ya kalamu ya wino yenye kasoro: ushahidi wa kuandaa kabla ya kuituma kiwandani

Kalamu ya wino wa kujaza, yaani ile yenye nibu ya chuma cha pua au dhahabu na nafasi ya kuhifadhia wino tumboni mwake, ni miongoni mwa vifaa vichache vya mezani ambavyo bado huuzwa pamoja na kadi ya dhamana. Mnunuzi anayeona kalamu yake mpya ikikwaruza karatasi, ikiruka herufi au ikivuja hudhani kwamba wajibu wake ni kuirudisha tu na wajibu wa kiwanda ni kuitengeneza. Jambo lenyewe si jepesi hivyo. Fundi atakayeamua kama kasoro ni ya kiwanda au ni ya mtumiaji hakukuona ukiandika, hajui unatumia karatasi gani wala wino gani, na pengine atakuwa na kalamu yako mkononi kwa dakika chache tu kabla ya kuandika uamuzi wake. Vitu viwili pekee ndivyo vitakavyokusemea mbele yake: hali ya kalamu yenyewe na barua uliyoiambatanisha nayo.

Mimi nilijifunza hilo kwa hasara. Nilipewa na ndugu yangu kalamu yenye nibu ya dhahabu, na tangu siku ya kwanza ilikuwa ikikataa kutoa wino mwanzoni mwa kila neno. Kwa kusikiliza ushauri wa watu nikaisugua nibu kwa msasa laini sana, mara chache tu, kisha nilipoona haijapona nikaituma kwa mtengenezaji. Jibu lilikuwa la mstari mmoja: nibu imeshughulikiwa na mtu asiyeidhinishwa, dhamana haitumiki. Kasoro ilikuwa ya kiwanda kweli, lakini mikwaruzo ya msasa ilikuwa yangu, na ndiyo iliyoonekana chini ya lenzi. Kwa hiyo sharti la kwanza kabisa, ambalo mengine yote yanalitegemea, ni kutoigusa nibu kwa msasa, kwa wembe wala kwa plaizi, na kutoifungua sehemu yoyote ambayo kijitabu cha kalamu hakisemi kwamba mtumiaji anaruhusiwa kuifungua.

Jiridhishe kwamba ni kasoro

Kabla ya kuandika barua yoyote, ioshe kalamu. Kalamu mpya mara nyingi huwa na mabaki ya mafuta ya kiwandani kwenye mifereji ya kipitisha wino, kile kipande cheusi kilicholala chini ya nibu, na mafuta hayo huuzuia wino kutiririka. Tumia maji ya baridi au ya uvuguvugu yenye tone moja au mawili ya sabuni ya kuoshea vyombo, uyanyonye na kuyatoa mara kadhaa, kisha urudie kwa maji matupu mpaka yatoke safi. Maji ya moto na spiriti visikaribie, kwa kuwa huweza kuharibu plastiki na gundi, na uharibifu huo utahesabiwa kuwa wako.

Baada ya hapo jaza wino wa kawaida uliotengenezwa kwa ajili ya kalamu za aina hii, ikiwezekana wa mtengenezaji yuleyule. Quink ya Parker, iliyoanza kuuzwa mwaka 1931, na 4001 ya Pelikan ni mifano ya wino usiotiliwa shaka na fundi yeyote. Wino wa kuchorea ulio na gundi, wino wa mihuri na wino wa printa havifai hata kwa majaribio, maana vikikauka ndani ya mifereji huwa vigumu mno kuondolewa, na masharti ya dhamana takriban yote huvitaja miongoni mwa mambo yanayoivunja. Andika pia juu ya karatasi za aina mbili au tatu. Karatasi ya daftari la bei nafuu huweza kunyonya wino na kutawanya nyuzi zake kwenye mwanya wa nibu, na kuifanya kalamu nzima ionekane mbovu.

Kalamu ikiendelea kusumbua baada ya hatua hizo, tafuta lenzi ya kukuzia, ile ya mara kumi ambayo masonara hutumia, uitazame nibu kwa mbele. Nibu ina meno mawili yaliyotenganishwa na mwanya mwembamba, na kwenye ncha ya kila jino kuna kidonge kidogo cha metali ngumu kinachogusa karatasi. Jino moja likiwa juu ya jingine, kalamu itakwaruza unapoivuta upande mmoja na kuteleza unapoivuta upande wa pili. Meno yakibanana mpaka mwanya usionekane kabisa hata ukiielekeza kwenye mwanga, wino utatoka kwa shida na mstari utakuwa mkavu.

Kasoro inayobishaniwa zaidi ni ya tatu, na ndiyo iliyokuwa katika kalamu yangu. Kiwandani, ncha husuguliwa ili iteleze vizuri, lakini ikisuguliwa kupita kiasi kingo za ndani za yale meno mawili huviringika, kiasi kwamba wino ulio ndani ya mwanya unabaki juu kidogo na haufiki kwenye karatasi. Kalamu ya namna hiyo ina tabia zinazotambulika: hukataa kuanza mstari, hukubali ukiibonyeza, na ikishaanza huendelea vizuri mpaka uinyanyue tena. Juu ya karatasi laini yenye kung’aa hali huwa mbaya zaidi kuliko juu ya karatasi yenye nyuzi. Ukiyaona hayo yote, unayo hoja nzuri, kwa sababu hakuna namna ya kawaida ya kuandika inayoweza kuiviringisha kingo ya metali ngumu kiasi hicho ndani ya wiki mbili.

Kuvuja kunahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa si kila tone ni kasoro. Kalamu yenye wino kidogo hubeba hewa nyingi, na hewa hiyo ikipata joto la mfuko wa shati hutanuka na kuusukuma wino nje. Vilevile mtu akijaza kalamu Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, atakuwa amepanda zaidi ya mita 1,600, na kwa mwinuko huo shinikizo la hewa ya nje hupungua kwa kadiri ya asilimia 18. Hewa iliyofungiwa ndani ya kalamu hutafuta nafasi, na wino hujikuta kifunikoni. Fundi yeyote atakujibu kwamba hiyo ni fizikia, wala hatakuwa amekuonea. Kuvuja kwa kasoro ni kule kunakotokea kalamu ikiwa imetulia. Ijaze maji, ikaushe vizuri kwa nje, izungushie karatasi ya shashi, iache usiku kucha nibu ikiangalia chini ndani ya glasi, kisha asubuhi utazame shashi imelowa wapi. Ikilowa kwenye maungio ya shingo na mwili, au kwenye ufa wa plastiki, umepata ushahidi unaoweza kupigwa picha.

Kuna malalamiko ambayo dhamana haiyagusi hata kidogo. Mstari kuwa mwembamba au mnene kuliko ulivyotarajia si kasoro, na wanaonunua kalamu za Japani wajue kwamba nibu nyembamba ya huko kwa kawaida huandika mstari mwembamba zaidi kuliko nibu ya Ulaya iliyoandikwa herufi ileile ya unene. Baadhi ya watengenezaji huruhusu nibu ibadilishwe ndani ya wiki chache za kwanza, lakini hiyo ni huduma nyingine, na ukiichanganya na dai la kasoro utakuwa umejidhoofisha mwenyewe. Kalamu iliyoanguka ikatua kwa nibu nayo haimo.

Nani anawajibika kwako

Watu wengi huchanganya dhamana mbili. Ya kwanza ni ya mtengenezaji, ambayo ni ahadi ya hiari: yeye ndiye aliyeamua muda wake, mipaka yake na nchi inakofanya kazi. Ya pili ni wajibu wa muuzaji kwa mujibu wa sheria, na wajibu huo upo hata kama kadi imepotea. Katika nchi za Umoja wa Ulaya muuzaji huwajibika kwa miaka miwili, na chini ya kanuni zilizoanza kutumika Januari 1, 2022, kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza huchukuliwa kwamba ilikuwapo tangu mwanzo, isipokuwa muuzaji athibitishe vinginevyo. Uingereza, sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 humpa mnunuzi siku 30 za kuikataa bidhaa mbovu na kurudishiwa fedha zake. Kenya na Tanzania kila moja ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, na zote mbili humtaka anayefanya biashara ya bidhaa fulani auze kitu chenye ubora unaostahili kuuzwa.

Kwa sababu hiyo, ikiwa kalamu ilinunuliwa dukani mjini kwako, anzia dukani. Muuzaji aliyeidhinishwa ana njia yake ya kuwasiliana na kiwanda, hutuma mizigo mara kwa mara, na barua yake husomwa haraka kuliko yako. Ikiwa ililetwa na ndugu kutoka Hamburg au Muscat, huyo ndugu ndiye mnunuzi mbele ya sheria, na mara nyingi ni rahisi zaidi airudishe yeye dukani alikoinunua kuliko wewe uitume kutoka Dar es Salaam. Jihadhari pia na kalamu zilizoagizwa moja kwa moja kutoka Japani kwa bei ya chini, kwa maana mara nyingi kadi iliyomo boksini huandikwa Kijapani na huhusu matengenezo ya ndani ya nchi hiyo tu.

Maneno “dhamana ya maisha” yasikulaze usingizi. Katika miaka ya 1930 na 1940 Parker iliuza kalamu zenye alama ya almasi ya buluu kwenye klipu, ishara ya dhamana ya maisha, lakini aliyeirudisha kalamu kwa matengenezo alitakiwa kulipa senti 35, na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani hatimaye ililivalia njuga jambo hilo. Mpaka leo ahadi za namna hiyo huhusu sehemu za mitambo, na “maisha” yanayotajwa huenda yasiwe ya mmiliki aliyeipata kalamu kwa mkono wa pili. Isitoshe, kampuni huuzwa: Lamy ya Heidelberg ilinunuliwa na Mitsubishi Pencil ya Japani mwaka 2024, na Sheaffer iko mikononi mwa William Penn ya India tangu 2022. Kwa hiyo anwani iliyochapishwa kwenye kijikaratasi cha boksini isiaminiwe bila kuhakikishwa. Mwenye kalamu ya Parker ya zamani akiituma Newhaven, Uingereza, ataituma kwenye kiwanda ambacho mwaka 2009 kilitangazwa kuwa kitafungwa na kazi yake kuhamishiwa Ufaransa.

Uthibitisho wa ununuzi

Risiti yenye tarehe na jina la kalamu ndiyo hati kuu. Kadi ya dhamana bila muhuri na tarehe ya muuzaji ni karatasi ya kawaida. Risiti za mashine hufifia upesi katika joto la pwani, basi ipige picha siku hiyohiyo ya kununua. Kama uliinunua kwa njia ya simu au benki, taarifa ya malipo inayoonyesha jina la duka hukubaliwa na wengi ikiambatanishwa na barua pepe ya oda. Iandike pia namba ya utambulisho ya kalamu ikiwa ipo. Montblanc, kwa mfano, huichonga kwenye pete ya klipu.

Parker wana utaratibu wa kupendeza. Tangu mwaka 1980 wametumia herufi za neno QUALITYPEN kuwakilisha tarakimu kuanzia 0 hadi 9, Q ikiwa 0 na N ikiwa 9, ili kuonyesha mwaka wa kutengenezwa, na kuanzia mwaka 1987 vijistari huonyesha robo ya mwaka: vitatu kwa robo ya kwanza, viwili kwa ya pili, kimoja kwa ya tatu, na ya nne haina. Alama hiyo haithibitishi ulinunua lini, na herufi ileile hurudi kila baada ya miaka kumi, lakini humsaidia muuzaji mwaminifu kukadiria pamoja nawe umri wa kalamu.

Barua

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanapofanya haraka. Barua inayosema “kalamu haiandiki vizuri” haimwambii fundi chochote. Ataichovya nibu katika wino wake, ataandika mistari miwili juu ya karatasi nzuri ya karakana, ataona inaandika, na atairudisha. Unachotakiwa kumpa ni maelekezo ya kuiona kasoro kama wewe unavyoiona: wino gani, karatasi gani, kalamu imeinamishwa vipi, na katika hali gani inashindwa. Hesabu badala ya kulalamika. Andika mistari mifupi ishirini, kila mmoja ukiuanza upya, kisha uhesabu mingapi ilikataa kuanza. Karatasi hiyohiyo yenye mistari iliyokatika uizungushie duara mahali palipokatika, uitie tarehe, na uiambatanishe. Video fupi ya sekunde thelathini, iliyopigwa kwa karibu bila maneno, huongeza nguvu ya dai linalotumwa kwa barua pepe.

Barua yenyewe iandikwe katika lugha ambayo kampuni inaisoma, ambayo kwa kawaida ni Kiingereza, lakini mpangilio wake unaweza kuwa kama huu:

“Ninarejesha kalamu hii, iliyonunuliwa tarehe iliyotajwa kwenye nakala ya risiti niliyoambatanisha, kwa ajili ya matengenezo chini ya dhamana yenu. Kalamu hukataa kutoa wino mwanzoni mwa mstari. Katika majaribio ishirini juu ya karatasi laini, ilikataa mara kumi na nne, sampuli imeambatanishwa. Kasoro hii ilionekana tangu siku ya kwanza. Nimeiosha kwa maji na sabuni laini, na nimetumia wino wenu pekee. Kalamu haijaanguka, haijafunguliwa na nibu haijaguswa kwa kifaa chochote. Ninaomba nibu irekebishwe au ibadilishwe kwa nyingine ya unene uleule. Kabla ya kufanya kazi yoyote ya malipo, tafadhali nijulisheni gharama yake kwa maandishi.”

Sentensi ya mwisho isiachwe. Bila hiyo, karakana nyingine huweza kuamua kwamba kasoro haimo katika dhamana, ikatengeneza na kukutumia ankara pamoja na kalamu. Na kama umewahi kuigusa nibu, usiandike kwamba hukuigusa. Lenzi ya fundi ni kubwa kuliko yako, na uongo mmoja ukigunduliwa hata kasoro ya kweli haitasikilizwa.

Tuma kwanza barua hiyo pamoja na picha kwa njia ya barua pepe au fomu ya kampuni, na usiitume kalamu mpaka upate namba ya dai. Wakati mwingine safari yenyewe haitahitajika. Nibu ya Lamy Safari huchomolewa kwa mkono, na TWSBI ya Taiwan huweka ufunguo na grisi ya silikoni ndani ya boksi la Diamond 580 ili mtumiaji aifungue mwenyewe. Kwa kalamu za namna hiyo ni busara kuomba kipande kilichoharibika kitumwe peke yake. Tena kwa kalamu ya bei ndogo fanya hesabu mapema, kwa sababu nauli ya kifurushi chenye bima hadi Ulaya huweza kuipita thamani ya kalamu nzima.

Kuifungasha na kuipitisha forodhani

Itoe wino wote, ioshe, iache ikauke siku nzima. Usitume katriji wala kichupa. Bomba la kunyonyea wino litume ikiwa kuvuja kunaanzia hapo, vinginevyo libaki nyumbani pamoja na boksi la asili na kadi halisi, maana vitu hivyo hupotea karakana na kuvirudisha ni kazi. Kalamu ikiviringishiwa shashi na kutiwa ndani ya kipande cha bomba gumu la plastiki kilichozibwa pande zote mbili, husafiri salama kuliko ndani ya boksi la fahari lenye hariri.

Posta utajaza fomu ya forodha ya CN 22 au CN 23 kulingana na thamani. Miongoni mwa chaguo za aina ya kifurushi kuna ile ya bidhaa inayorudishwa. Hiyo ndiyo ya kutiwa alama, wala si zawadi. Katika maelezo andika kwamba ni kalamu moja iliyotumika, inarudi kwa mtengenezaji kwa matengenezo ya dhamana, na uitaje namba ya dai. Andika thamani ya kweli, kwa kuwa bima hulipa kwa kiwango ulichokiandika. Hifadhi nakala iliyogongwa muhuri. Kalamu itakaporudi, ofisa wa forodha hatajua kwamba ilitoka hapa, na bila nakala hiyo anaweza kuitoza ushuru kama bidhaa mpya. Waombe pia kiwandani waandike kwenye karatasi zao kwamba kinachorudi ni kifaa cha mteja kilichotengenezwa bila malipo.

Dai likikataliwa

Usijibu kwa hasira siku hiyohiyo. Omba sababu kwa maandishi na picha ya kile fundi alichokiona, halafu ulinganishe na picha ulizopiga kabla ya kutuma. Wakidai kwamba shingo ina ufa, nawe una picha ya shingo nzima yenye tarehe ya kabla ya safari, suala limekuwa la kifurushi na bima, si la dhamana. Wakisema kalamu inaandika vizuri, warejeshe kwenye karatasi ya mistari ishirini na uwaombe warudie jaribio hilohilo juu ya karatasi laini. Dai la dhamana la mtengenezaji likifungwa kabisa, la muuzaji bado lipo. Tanzania, malalamiko ya walaji huweza kupelekwa Tume ya Ushindani, na Kenya ipo Mahakama ya Madai Madogo inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, ingawa kwa kalamu ya kawaida sijui mtu mwenye subira ya kufika huko. Aghalabu barua moja inayomkumbusha muuzaji wajibu wake kisheria hutosha.

Kalamu ikirudi, usiitie wino mpya uliokuwa ukiutamani. Tumia wino uleule na karatasi ileile, uandike tena mistari ishirini, na uilinganishe na ile ya kwanza. Fanya hivyo ndani ya siku mbili tatu, kisha karatasi hizo mbili uziweke pamoja na risiti na maelezo ya fundi, kwa sababu kasoro ileile ikijitokeza mara ya pili, dai lako litakuwa la kubadilishiwa kalamu na si la kuitengeneza tena.